Ukurasa wa Bibiane

Lanyero alikuwa mwalimu wa Kiswahili, kazi ambayo mjini Kampala inataka mtu mwenye moyo mgumu. Wanafunzi wake walikijua Kiswahili kama lugha ya askari na ya wachuuzi, na baadhi yao walimwambia usoni kwamba hawaoni kitawafaa nini. Yeye mwenyewe alizaliwa kambi ya polisi ya Naguru, binti wa sajini kutoka Kitgum, na Kiswahili alichonyonya huko kilikuwa kile cha "wewe nakwenda wapi". Alikisafisha kwa miaka mingi, kwa kamusi, kwa redio na hatimaye kwa shahada, mpaka sentensi zake zikanyooka kama sare iliyopigwa pasi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kama angeulizwa ni kitu gani duniani ambacho ni chake peke yake, angejibu kwamba ni Kiswahili hicho.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda Nakawa, kwenye chumba kilicho juu ya duka la kutengeneza simu, ambako watu kumi au kumi na wawili walikutana kuandika kurasa za Kiswahili katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandikia bila kulipwa. Kikundi hicho alikianzisha yeye pamoja na Olweny, karani mstaafu wa polisi. Olweny alishika ratiba na funguo za chumba. Lanyero alishika kitu kikubwa zaidi: alikuwa msimamizi, mtu pekee katika kikundi aliyepewa uwezo wa kufuta ukurasa na kuurudisha.

Alikuwa ameandika kurasa mia moja sitini na tatu. Uliokuwa kipenzi chake ni ule wa Mfereji wa Nakivubo. Aliufuatia wiki saba, akapiga picha akiwa amesimama kwenye matope, akasoma ripoti za zamani mpaka macho yakamuuma. Kwa mwezi mzima ulitembelewa na watu tisa, na kati yao wanne walikuwa yeye mwenyewe, akihakikisha kwamba nukta ziko mahali pake.

Bibiane aliletwa na Lanyero kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja alikuwa sokoni Nakivubo akitafuta kitenge, akamkuta mwanamke wa Kikongo ameketi nyuma ya marundo ya vitambaa, anasoma kipande cha gazeti la Kiswahili huku midomo ikicheza. Wakazungumza. Bibiane alitoka Butembo. Huko alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na mmoja, hadi vita vilipomfukuza, na vyeti vyake vikabaki kwenye nyumba ambayo hakujua kama bado ina paa. Lanyero alimwonea huruma, akamwalika Nakawa. Akamfundisha kufungua akaunti, kuandika kichwa cha ukurasa, kuweka picha. Jumamosi sita mfululizo aliketi kando yake akimsahihishia "batu" kuwa "watu" na "kitabu yangu" kuwa "kitabu changu". Bibiane alisema asante mwalimu kila mara, na juma lililofuata akarudia makosa yale yale.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Olweny alisoma orodha. Ilikuwa orodha ya kurasa za Kiswahili zilizofunguliwa na watu wengi kuliko zote mwezi uliopita, naye alikuwa na heshima kubwa nayo. Alikulia katika kambi ya polisi, katika vibanda vya mabati ambamo jirani akikohoa unajua ni kifua au ni machozi, na alisema orodha ile ilimkumbusha kuta zile.

"Watu nasema mchana wanapenda hii na hii," alisema. "Lakini hapa ndiyo nasikia kitu wanauliza wakiwa peke yao."

Mara nyingi walikuwa wanauliza mambo ya kawaida. Mchezaji mpira aliyehama timu. Mwigizaji aliyefariki ghafla. Nchi fulani iliyokuwa kwenye habari kwa sababu ya uchaguzi. Ukurasa wa kikundi chao haukuwahi kufika hata nafasi ya mia.

Jumamosi hiyo Olweny alisoma namba moja, mchezaji. Akasoma namba mbili, uchaguzi. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Namba tatu," alisema. "Kuacha Kuona Mwezi. Wageni elfu kumi na nane na mia mbili. Hii si yako, Mama Bibiane?"

Watu wakaanza kupiga makofi. Bibiane alijifunika uso kwa kiganja. Lanyero alipiga makofi pia, na alikuwa wa mwisho kuacha, maana alijua watu wanaotazama huwa wanakumbuka nani aliacha wa kwanza.

Ukurasa wenyewe aliujua. Ulihusu wanawake wanapofikia umri wa kukoma hedhi: joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na mwenyewe, usingizi unaokataa kuja. Lanyero alikuwa amemwambia Bibiane tangu mwanzo kwamba kichwa cha ukurasa hakifai. "Kuona mwezi" ni maneno ya kunong'onezana jikoni, alisema, na kamusi ina istilahi yake. Bibiane aliitikia kwa kichwa kama anayekubali, kisha akauacha ukurasa kama ulivyokuwa.

Elfu kumi na nane na mia mbili. Lanyero alishuka ngazi akiwa na tarakimu hiyo mdomoni kama kokoto. Ilimfuata hadi nyumbani Lubaga, akapika nayo, akala nayo. Mumewe Ocaya alikuwa amepangiwa kazi Moroto tangu mwaka jana na alipiga simu kila jioni. Jioni hiyo alipouliza habari za Nakawa, Lanyero alijibu kwamba hakukuwa na jipya.

Kilichomkera zaidi hakuweza kumwambia mtu. Miezi miwili nyuma, akiwa darasani mbele ya wanafunzi sitini, joto lilimpanda shingoni mpaka jasho likadondoka juu ya rejista. Alidhani ni malaria, akapima, haikuwapo. Alidhani ni moyo. Siku moja ya mwezi uliopita alijifungia kwenye choo cha walimu, akaandika kwenye simu maneno yaliyomjia kichwani, na maneno hayo hayakuwa istilahi ya kamusi. Ukafunguka ukurasa wa Bibiane. Aliusoma amesimama, mgongo ukiwa mlangoni, na alipofika kwenye sentensi isemayo "hii si ugonjwa wala mtu hajakuroga, ni mwili inabadilisha kazi", alilia kidogo. Kisha akanawa uso na kuhesabu makosa ya upatanisho wa sarufi. Yalikuwa thelathini na moja.

Kwa hiyo yeye pia alikuwa mmoja wa wale elfu kumi na nane.

Juma lililofuata mtangazaji wa redio moja ya mjini alimpigia Olweny akimtafuta mwandishi. Jumatano saa nne asubuhi, katika chumba cha walimu, Loice wa hisabati aliongeza sauti ya redio akisema njooni msikie. Ilikuwa sauti ya Bibiane, tulivu, na wala haikuona haya. Alieleza jinsi wanawake wanaokuja kununua vitenge humvuta pembeni na kumwuliza mambo ambayo hawawezi kuwauliza binti zao. Mtangazaji alitaka kujua alijifunzia wapi kuandika namna ile.

"Kuko kikundi pale Nakawa," Bibiane alisema. "Banatusaidia sana."

Basi. Kikundi. Lanyero alingoja jina lake hadi matangazo ya sabuni yakaanza.

"Huyu mama anajua kusema," Loice alisema. "Nimemtumia dada yangu ukurasa wake. Kwani wewe humfahamu? Si unakwendaga huko Nakawa?"

"Namfahamu juu juu," alijibu Lanyero.

Alijisikia kama mtu aliyejenga nyumba, akamkaribisha mgeni, kisha akasikia majirani wakimsifu mgeni kwa paa zuri. Siku nzima alibishana na Bibiane kichwani. Alimwambia kwamba kuandika si kumwaga maneno. Alimwambia kwamba ukurasa usio na chanzo hata kimoja, bila kitabu, bila jarida, ni porojo za kibandani. Na kadiri alivyobishana ndivyo alivyoona kwamba jambo hilo ni kweli. Ukurasa haukuwa na vyanzo. Sheria za kamusi elezo zinataka vyanzo. Ni nani angeweza kumlaumu msimamizi kwa kutimiza sheria?

Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana, alifungua kompyuta ya chumba cha walimu. Akabonyeza "futa". Mtambo ukamwuliza sababu, akaandika: *Hakuna vyanzo. Lugha si sanifu.* Akabonyeza tena, na ukurasa ukatoweka. Hakusikia furaha aliyoitarajia. Alisikia njaa, akatoka nje kununua chapati, akarudi nayo na kuisahau mezani.

Jumamosi hakwenda Nakawa. Alimwandikia Olweny kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Olweny hakujibu, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko jibu lolote, maana jina la anayefuta ukurasa hubaki palepale, na mtu yeyote anaweza kulisoma.

Jumapili alasiri mbwa wa jirani alibweka, na Lanyero alipochungulia dirishani alimwona Bibiane getini, amevaa kitenge cha kanisani, mkoba mkubwa begani. Alifikiri kutofungua. Lakini Bibiane alikuwa amekwisha kumwona.

Bibiane aliketi, akapewa chai, akanywa nusu kikombe. Kisha akatoa daftari na kalamu, akaviweka mezani.

"Mwalimu, minaona jina yako pale kwenye ukurasa," alisema. "Uliandika hakuna vyanzo, na Kiswahili haiko sawa. Minakuja unionyeshe. Tutengeneze, halafu uirudishe."

Lanyero alikuwa ameandaa majibu kwa mtu anayegomba. Mtu mwenye daftari hakumtarajia.

"Si jambo la siku moja," alisema. "Vyanzo ni vitabu. Una vitabu?"

"Kitabu yangu ya kazi ilibakia Butembo. Lakini naijua jina yake, na mwandishi." Akageuza daftari. "Na kuko hii. Hizi bamama wameandika kwa ukurasa wangu wa mazungumzo tangu Alhamisi. Olweny alinisaidia kuziandika hapa."

Lanyero alisoma jumbe za wasomaji. Mwanamke wa Lira aliuliza ukurasa umekwenda wapi, kwani alikuwa amemwahidi dada yake kumsomea. Mwingine, wa Kasese, alisema alikuwa amefika katikati. Aliuliza kama yale ya chini yalikuwa mabaya kiasi cha kuondolewa, na kama aende hospitali. Mwanamume wa Bunia alikuwa ameandika maneno machache: *Mimi ni mume. Nilikuwa nadhani amenichoka. Naomba mrudishe nisome tena.*

Alisoma hayo mara mbili. Halafu alisema, bila kumtazama mgeni wake, "Tuanze na kichwa cha ukurasa."

Walifanya kazi majuma mawili. Lanyero ndiye aliyetafuta vitabu. Alipanda bodaboda hadi Mulago, kwenye maktaba ya chuo cha uuguzi, akamsihi mtunza maktaba aliyesema vitabu si vya watu wa nje, akakaa saa tatu akinakili kurasa kwa mkono kwa sababu mashine ilikuwa imeharibika. Alikipata kile kitabu cha kazi cha Bibiane, toleo jipya la Kifaransa, limefunikwa vumbi chini ya rafu. Alipomletea pale Nakivubo, Bibiane alikishika kwa mikono miwili, akakinusa kama mtu anavyonusa nguo ya mtoto, kisha akampa mgongo na kujifanya anakunja vitambaa.

Katika sentensi walielewana. Bibiane alikubali kila ngeli iliyosahihishwa. Kwenye kichwa cha ukurasa alikataa katakata.

"Neno la kamusi ni kukoma hedhi," Lanyero alisema.

"Weka ndani, mstari ya kwanza. Lakini juu kabisa hapana. Mama mwenye anaogopa haandike neno ya kamusi. Anaandika neno yenye mama yake alimwambia. Ukibadilisha kichwa, atapiga hodi kwa nyumba ingine."

Lanyero alikumbuka choo cha walimu, na maneno ambayo vidole vyake vyenyewe vilikuwa vimeandika. Wivu ulimchoma upya, na safari hii haukuwa wa wageni elfu kumi na nane. Mwanamke huyu, kwa Kiswahili chake kilichochanika, aliwajua wasomaji. Yeye kwa miaka mitano aliandika bila kujua kama wapo.

"Bibiane," alisema. "Sikuufuta kwa sababu ya vyanzo."

Bibiane aliendelea kukunja kitenge cha njano. Alilinganisha pindo, akakiweka juu ya vingine.

"Minajua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kurasa zako kumi na mbili haziko na vyanzo, Mwalimu. Za zamani. Niliziangalia. Haukufuta hata moja."

Lanyero alihisi joto likipanda, na hakujua kama ni lile la umri au ni aibu.

"Kwa nini basi ulikuja kwangu na daftari kama mwanafunzi?"

"Juu wewe peke yako ndiye uko na ufunguo." Bibiane alimtazama sasa. "Ningekuja na matusi ungefunga mlango. Nilitukana kwa nyumba, nililia kwa nyumba, halafu nikavaa vizuri nikakuja. Niliwaacha wagonjwa wangu Butembo, Mwalimu. Siku nilipokimbia, kulikuwa watu kwenye vitanda. Nilipoona ile orodha nikasema, basi, Mungu amenipatia wengine. Wewe ukawafukuza kwa siku moja. Sikukasirika juu ya jina yangu."

Mteja alikuja, akauliza kama rangi ya bluu ipo, Bibiane akamhudumia kwa upole. Alipoondoka, Lanyero alisema maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

"Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliusoma kabla ya wewe kusikika redioni. Ulinisaidia, na nilichukia kwamba umenisaidia. Nisamehe."

"Nitakusamehe," Bibiane alisema. "Lakini si leo. Leo rudisha ukurasa. Na Jumamosi uwaambie, usiniache mimi niwe mtu ya kusema."

Aliurudisha palepale, ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya vitenge, kwa simu ya mkononi, na kichwa cha ukurasa kikabaki Kuacha Kuona Mwezi.

Jumamosi alisimama mbele ya watu kumi na mmoja. Alikuwa amehutubia madarasa kwa miaka ishirini na mitano, lakini hakuwahi kuliambia darasa lolote kosa lake mwenyewe. Alisema nilifuta ukurasa wa Bibiane kwa wivu, sheria niliifanya kisingizio. Alisema naomba uwezo wa kufuta upewe mtu mwingine. Kisha akaketi.

Santina, mzee kuliko wote kikundini, alisema kwamba yeye angemwachia tu, mbona mtu akikosa hupewa nafasi. Olweny alijikuna kidevu.

"Madam, mimi naheshimu wewe," alisema. "Lakini polisi akifyatua risasi kwa hasira, tunachukua bunduki kwanza. Halafu ndiyo tunaongea."

Wakapiga kura, na uwezo ukaombewa Olweny mwenyewe. Lanyero aliinua mkono kukubali pamoja na wengine. Ilimwuma kuliko alivyodhani. Kwa majuma kadhaa aliketi meza ya dirishani na Bibiane meza ya mlangoni, wakisalimiana kwa adabu ya watu wa mtaa mmoja.

Orodha ya mwezi uliofuata ilipotoka, Kuacha Kuona Mwezi ulikuwa namba mbili. Juu yake kulikuwa na mwanamuziki aliyefungwa jela. Watu walipiga makofi, na Lanyero alihisi kijiti cha wivu kikimchoma tena chini ya mbavu. Alipiga makofi nacho hivyo hivyo. Alikuwa ameanza kuzoea kwamba hakitaondoka kwa kuombwa.

Watu walipokuwa wanakusanya mikoba, Bibiane alivuka chumba, akasimama kando ya meza yake na simu mkononi.

"Huyu baba wa Bunia ameandika tena," alisema. "Anauliza vile atasema na bibi yake bila kumkwaza. Mimi naweza kumweleza mwili. Lakini maneno ya kusemezana, hapo wewe unanizidi. Na uko unajua vile inasikia." Aliweka simu mezani. "Mujibu wewe."

"Unataka niandike kwa jina lako?"

"Andika kwa jina yako."

Bibiane alivuta kiti, akaketi. Lanyero aliusoma ujumbe wa yule mwanamume toka juu hadi chini. Aliandika sentensi ya kwanza, nzuri, iliyonyooka, kila ngeli ikiwa mahali pake, akaitazama, kisha akaifuta. Akaandika nyingine: *Ndugu yangu, akiondoa shuka kwa joto, usidhani anakuondoa wewe.*

Bibiane alisoma kwa juu ya bega lake, midomo ikicheza.

"Iyo iko muzuri," alisema. "Endelea."